Sharti la Friji

Filamu ile nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mara ya pili nilikuwa peke yangu sebuleni, nimesimama, matope ya mtaro yakinikaukia miguuni, na sikucheka hata chembe, ingawa haki ya Mungu sijawahi kutazama kitu kwa makini kiasi kile. Nilikuwa nikitafuta ndani yake mahali alipo mtoto wangu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ni filamu nzuri, asitegemee jibu fupi.

Iliingia nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe. Mwenzangu mmoja ofisini, kule Kimihurura mjini Kigali, aliisifia wiki nzima: ya familia, ya kuchekesha, haina matusi, haina damu, mtoto ataipenda. Na nyumba yangu wakati ule ilihitaji kicheko jamani, acheni tu. Binti yetu wa miaka saba alikuwa na wiki mbili hacheki. Ijumaa jioni, nikirudi, nikapitia kwa muuza filamu pale Masaka kituoni, mtaani kwetu, nikampa flashi. Akaniuliza kama nataka ya kawaida au agasobanuye.

Agasobanuye ni filamu ya kigeni iliyofunikwa na sauti ya mtu mmoja anayeieleza kwa Kinyarwanda mwanzo mpaka mwisho. Yeye ndiye baba, ndiye mama, ndiye mtoto, ndiye mbwa. Akichoka kutafsiri anatunga. Mimi nakula mkate wangu kwa kutafsiri nyaraka. Nikiongeza neno moja ambalo mwandishi hakuliandika, barua inarudi mezani kwangu imechorwa wino mwekundu. Sasa mtu anayetia chumvi kwenye kila sentensi na bado anapendwa na mji mzima, unadhani nitamwonaje? Lakini mtoto wangu hataki filamu bila yule mfafanuzi. Tantine ndiye aliyemzoesha.

Hapo sasa nimefika kwa tantine, na ningependa kupitia kwingine lakini hakuna njia.

Tantine ni mama wa makamo, Mrundi, Mkatoliki wa rozari mfukoni, aliyekuja kwetu mtoto akiwa na miezi minne. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale nyumbani. Mtoto alianza kumwita hivyo na sisi tukafuata. Alimlea kwa Kiswahili cha Bujumbura, mpaka mimi niliyekulia Karagwe nikawa namsikia mwanangu anasema "mutoto" na "batu" na kunirekebisha mimi. Mimi natoka alfajiri, narudi giza linaingia. Tantine ndiye aliyejua jino lipi linalegea.

Usiku mmoja mtoto aliota vibaya akapiga kelele. Nilimfikia wa kwanza. Nikamkumbatia, akanisukuma, akalia, "Si wewe! Tantine!" Basi. Hakuna kingine alichofanya yule mama. Jumatatu iliyofuata nilichelewa makusudi kwenda kazini, na mtoto akiwa shuleni, nilimwita jikoni nikamwambia mtoto ameshakua, tunamshukuru, afungashe. Akauliza kama anaweza kumngoja mtoto arudi waagane. Nikasema hapana, itamwumiza. Loh! Itamwumiza nani?

Mtoto nilimwambia tantine ameenda kusalimia kwao, atarudi wiki ijayo. Mume wangu nilimwambia ameomba kuondoka mwenyewe. Wiki ijayo ilipofika nikasema wiki ijayo. Ndipo nikaleta filamu ya kuchekesha.

Wazo la filamu lenyewe, nakubali, ni tamu. Baba mmoja mbishi anaokota friji kuukuu, imekufa zamani, anaileta nyumbani kwa ubahili tu. Kumbe ukiingia ndani ukajifungia, halafu ukasema kwa sauti jambo uliloficha watu wa nyumbani kwako, mlango unafunguka mahali alipo mtu unayemkosa kuliko wote duniani. Siri moja, safari moja. Baba anakiri kwamba miaka kumi na tano anaichukia supu ya mama mkwe wake, na hapo hapo anatumbukia kwenye kibanda cha kunyolea cha rafiki yake wa utotoni, kijiko bado kiko mkononi. Mama wa nyumba anakiri jambo lake, naye anatua kanisani katikati ya ndoa ya watu akiwa na kilemba cha taulo. Tulicheka sote watatu. Mfafanuzi naye akawa anawasha moto: "Ndugu zangu wa Kigali, friji za namna hii ziko Gatsata, kwa mafundi, nenda kaulize! Lakini iwe imekufa! Ya umeme itakugandisha kama samaki!"

Nusu ya pili ndipo filamu inapoharibika, na hili nilimwambia mume wangu usiku ule ule kitandani. Siri zinaanza kuwa ndogo ndogo: nani alikula keki, nani alijamba kwenye gari. Kuna binti mdogo ndani ya ile filamu, na inaonekana wazi kabisa anajua jambo kubwa kuhusu wazazi wake. Anaingia kwenye friji, anafungua mdomo, unakaa sawa kwenye kiti… na filamu inageuza uso. Analetwa mbwa anayeimba. Mwisho wake wote wanakumbatiana jikoni na friji inafunguka yenyewe, bila mtu kusema siri yoyote. Nilichukia. "Wamejiwekea sharti wenyewe halafu wamelikimbia," nilisema. Mume wangu akajibu kwamba ni filamu ya watoto, nilale. Mimi, niliyekuwa na uongo wa wiki mbili kifuani, nilikuwa nawalaumu watu kwa kuogopa ukweli. Uso mkavu huo niliutoa wapi?

Jumatano nilirudi kazini nikakuta rafu zote za friji yetu ziko sakafuni, zimepangwa vizuri, nyanya kwenye beseni, mayai kwenye kiti. Mtoto amesimama pembeni, mikono ya baridi. Nikafoka. Sikuuliza hata swali moja. Nilirudisha rafu nikamtuma akaoge.

Jumamosi ilikuwa umuganda, kazi ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi, ambapo barabara hufungwa mpaka saa tano. Zamani mimi na mume wangu tulitoka sote kwenda kufanya kazi ya mtaa kwa sababu tantine alibaki na mtoto. Safari hii hakuna tantine, lakini kazi yenyewe ilikuwa kuzibua mtaro mbele ya geti letu hasa, hatua thelathini kutoka mlangoni. Tukamwachia filamu yake, tukatoka na majembe. Mlango nilikuwa nauona. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba nauona.

Saa nne niliingia kunywa maji. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Nikaita. Nikaenda chooni, chumbani, uvunguni, nyuma ya nyumba. Nikaita tena, sauti ikatoka nyembamba nisiyoijua. Kandambili zake hazikuwepo mlangoni, na mlango wa uani, ule ambao sikuwa nauona, ulikuwa wazi.

Mwanzoni nilijipa moyo. Asubuhi ya umuganda barabara ni tupu, hakuna moto, zile pikipiki za abiria, hakuna basi, maduka yamefungwa. Mtoto wa miaka saba atafika wapi kwa miguu? Nilizunguka mashamba ya mihogo na migomba nyuma ya nyumba, nikachungulia kwenye nyumba mbili zinazojengwa, nikainama juu ya shimo la maji la mafundi nikiwa nimefumba jicho moja. Maji yalikuwa machache, ya njano, hayana kitu. Nikarudi mbio mtaroni kumwambia baba yake.

Mume wangu akatangaza kwa majirani. Mkutano wa baada ya kazi haukufanyika. Watu walitawanyika na majembe yao wakiita jina lake kila upande, na kulisikia jina la mwanangu midomoni mwa watu nisiowafahamu kulinitia hofu kuliko kimya. Halafu ikagonga saa tano. Pikipiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tano. Nikaona mji mzima unafunguka, na mtoto wangu yuko ndani yake mahali fulani na yeyote anaweza kumpakia.

"Ile filamu," mume wangu akasema ghafla. "Jana aliniuliza Gatsata iko mbali kiasi gani. Nikamwambia ni kule juu ya Nyabugogo, upande wa pili wa mji. Nikadhani ni somo la shule."

"Gatsata kuna nini?"

"Friji."

Hakungoja. Alipunga mkono, moto ikasimama, akapanda na buti zake za matope, akaondoka. Kabla hajakata kona aligeuka akapaza sauti: "Lakini anamtafuta nani?" Nilimsikia vizuri sana. Nilijifanya sikusikia.

Ndipo nikaingia ndani nikaanzisha filamu upya.

Sijui kama kuna mtu amewahi kutazama vichekesho kwa namna ile. Kila kicheko cha watu wa filamu kilinichoma. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Chini ya sauti ya mfafanuzi Kiingereza cha waigizaji kinasikika kwa mbali, na mimi kwa mazoea ya kazi nikawa nakagua: hili wamesema, hili ameongeza yeye. Gatsata ameongeza. Samaki ameongeza. Halafu baba wa filamu akavuta mlango wa friji, ukagoma. Kwa Kiingereza alisema neno moja tu, kwamba umekwama. Mfafanuzi akasema, tena kwa kunong'ona kama anakuambia wewe tu: "Sikilizeni, watoto. Friji ikikugomea, usiilaumu. Ujue ndani ya nyumba yenu kuna mtu anadanganya. Tafuta friji nyingine, mbali na kwenu!"

Rafu sakafuni. Nyanya kwenye beseni. Ilimgomea, Jumatano ile.

Hakuwa anatafuta Gatsata, alishaambiwa ni mbali. Alikuwa anatafuta friji yoyote iliyokufa, na akiipata ataingia, na akiingia atafunga mlango kwa sababu sharti ni kujifungia. Friji kuukuu hazifunguki kwa ndani. Hewa ya mle ndani inamtosha mtoto muda gani? Nilitazama saa ya ukutani: tano na nusu. Nilianza kutapika maji matupu kwenye zulia, mikono imeshika televisheni.

Wapi kuna friji iliyokufa Masaka? Mimi nina miaka minne naishi hapa na nilikuwa sijui. Sijui nani anafuga nini, nani ana nini nyuma ya uzio wake. Majirani walikuwa wametawanyika mashambani. Mtu mmoja tu ndiye aliyezunguka vichochoro vyote hivi na mwanangu, mkono kwa mkono, siku baada ya siku, kununua mayai, kununua dodo, kusalimia kila mtu. Na namba yake nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu saa nne. Nilipigia shule, nikapigia wenzangu, nikampigia hata muuza filamu. Yeye sikumpigia, kwa aibu. Aibu, mtoto amepotea! Mungu anisamehe.

Simu iliita mara mbili tu.

"Allô, mama? Iko amani?"

"Tantine, mtoto hayupo."

Nikasikia kiti kinasukumwa.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nne. Anatafuta friji iliyokufa ajifungie ndani. Ni filamu. Anadhani itamfikisha kwako."

"Kwangu? Kwa nini asiulize wewe mama yake niko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lilikuwa pale mdomoni, limeshaiva.

"Kwa sababu nilimdanganya," nikasema. "Nilimwambia umeenda kwenu, utarudi. Baba yake nilimwambia umeondoka mwenyewe. Nilikufukuza kwa sababu usiku ule alikuita wewe, hakuniita mimi. Hukukosa lolote. Nisaidie, tantine, nakuomba."

Alivuta pumzi. Nilingoja anitukane, na angenitukana ningenyamaza. Alisema tu, "Mwenye kuku."

"Nani?"

"Kwa mwenye kuku, kule tunanunua mayai. Chini ya ile nyumba ya mabati ya bluu. Anaweka chakula cha kuku mu friji ya zamani, juu ya panya, wasikile. Mutoto anaijua. Kimbia, mama. Usikate simu. Kimbia!"

Nilikimbia. Nina miaka arobaini na uzito wangu mwenyewe, nilikimbia pekupeku kwenye changarawe, simu mkononi, na kutoka ndani ya simu sauti ndogo ikiniongoza, "Shuka kushoto… umeona mugomba? Shuka tena…" Nyumba ya mabati ya bluu. Uzio wa matete. Kuku wakaruka pande zote. Na pale kwenye kibanda, friji nyeupe yenye kutu imelazwa chali kama sanduku, mlango wake juu, na juu ya mlango hakuna kitu, na pembeni yake kandambili mbili za rangi ya waridi zimewekwa sawasawa, kama mtu anavyovua akiingia nyumba ya watu.

Gunia tupu lilikuwa limetolewa. Chakula cha kuku kimemwagwa chini vizuri, lundo moja, kama zile nyanya.

Sikusikia sauti yoyote kutoka ndani. Hatua zile tatu za mwisho sitazisahau mpaka naingia kaburini. Nilitaka kufika na nilitaka nisifike. Nilishika ukingo wa mlango nikavuta kwa nguvu zote nikijua utakataa, na haukukataa, ulifunguka kiurahisi hata nikaanguka matako chini kwenye mavi ya kuku.

Akainuka akakaa. Jasho linamtiririka, pumba kwenye nyusi, macho mekundu. Mzima.

"Mama!" akafoka. "Umeiharibu! Nilikuwa nimebakiza kidogo!"

Nilimtoa nikamshika. Nilimbana hadi akalalamika. Nililia kwa sauti, ya kijijini kabisa, bila haya, mwenye kuku akaja mbio na jembe lake begani akidhani ni mwizi. Alipoelewa, naye alikaa chini. Akasema friji ile ilikuwa na kitasa cha chuma cha kujifunga yenyewe, na mpira mzima wa mlangoni, usiopitisha hata chungu. "Yule mama yenu alinisumbua mwezi mzima," akasema. "Kila akija kununua mayai: kata hicho kitasa, mutoto anaiangalia sana hiyo friji. Nikakata nipumzike. Akachana na mpira mwenyewe, kwa kisu changu." Aliangalia huku na huku. "Siku hizi simwoni. Anaumwa?"

Simu ilikuwa imeniponyoka ikalala kwenye pumba. Sauti ilikuwa bado inaita humo ndani. "Allô? Allô? Mama? Mutoto iko?"

Binti yangu akageuza shingo. Akaitazama simu, akaitazama friji, akanitazama mimi, na uso wake ukafunguka namna ambayo sikuwa nimeiona kwa wiki tatu.

"Imefanya kazi," akanong'ona.

Akaidaka simu kwa mikono miwili. Waliongea kwa Kiswahili chao, haraka haraka, kuhusu jino, kuhusu kuku mweupe, kuhusu filamu. Upande ule tantine alikuwa analia na kucheka pamoja. Halafu mtoto akauliza, "Unarudi lini?" na nikasikia tantine anasema polepole, "Uliza mama."

Akanigeukia. Mwenye kuku naye akanigeukia. Asubuhi yote niliogopa, lakini hofu ya pale ilikuwa ya aina nyingine, maana sasa nilikuwa na wa kumpoteza akiwa amesimama mbele yangu. Wiki ijayo. Nililisikia neno hilo linakuja lenyewe, laini, lililozoea njia. Nililimeza.

"Sijui kama atakubali kurudi," nikamwambia. "Hakwenda kwao. Nilimfukuza mimi. Nilikudanganya."

Hakushtuka. Alijipangusa pumba kwenye nyusi kwa mgongo wa mkono, taratibu.

"Najua," akasema. "Siku ile tulirudishwa mapema kutoka shuleni, nikamwona kwa mbali anatoka getini na begi lake, analia. Sikukuambia, usije ukaona aibu." Akaelekeza kidole kwenye friji. "Hiyo ndiyo siri niliyoiambia."